Kapteni Ananukia Maua

Kanja,
12 Januari 2025

Kwako wifi yangu Cicily,

Pokea salamu kutoka huku kwetu baridini, nyingi kuliko majani ya chai yaliyotuachia maumivu ya mgongo Desemba yote. Sisi tuko wazima. Cucu, mama yenu, goti linamsumbua lakini kanisani hakosi, na akifika hukaa benchi la mbele ili kila mtu aone anavyoumia. Rwamba wetu aling'oka jino la mbele siku ya mwaka mpya, na sasa anaongea kama nyanya yake aliyempa jina. Ukiwasikia wawili hao jikoni huwezi kujua nani ana miaka sita na nani ana sabini. Ng'ombe amezaa ndume. Nilitaka jike, lakini tangu lini mimi nikapata ninachotaka.

Usishangae kuona barua kama ya watu wa zamani. Huko bwawani mnapata mtandao juu ya mwamba mmoja, mnasimama hapo wote mkisikilizana, na huku simu yangu ndugu yako akija huichukua "kuangalia picha za mtoto." Kwa hivyo nimempa Njuki anayewaletea mboga, na bahasha nimeifunga kwa uji mzito, akiifungua utajua. Na ni Kiswahili kwa sababu Kimeru changu mnakicheka, na Kiembu chenu nikikiandika Cucu atafufua mwalimu wake aje anichape.

Sasa jambo lenyewe. Wifi, mume wangu ananukia maua.

Alikuja juma lililopita, wageni wa sikukuu walipoisha. Kabla hajafika mlangoni nilishamsikia harufu. Nywele maua, shingo maua, hadi kwenye kucha. Alioga mara mbili, akasugua mikono na limau kama anayetaka kuichuna, na bado usiku mto wangu ulinukia maua. Nilimuuliza, "Baba Rwamba, haya ni marashi gani?" Akasema, "Ni hewa ya boti." Hewa ya boti! Mimi nimezaliwa Mitunguu penye mifereji ya maji kila shamba, na maji sijawahi kuyasikia yakinukia hivyo.

Nilienda Embu mjini kwenye duka la vipodozi, nikanusa chupa moja moja mpaka nikapiga chafya na muuzaji akaniuliza kama ninanunua au ninakula. Harufu ile haipo. Basi ni ya watu wenye pesa zao. Na jambo lingine. Nguo zake za kazi hajawahi kuzileta nyumbani nizifue, hata shati moja. Anasema kapteni hufuliwa hukohuko. Na nani?

Wewe ndiwe uliyemtafutia kazi hiyo na unapika kwenye boti hiyohiyo. Uko hapo kila siku. Kuna msichana wa mapokezi anaitwa Joyline, nilimwona kwenye picha, amejipaka mdomo mpaka karibu na sikio. Niambie ukweli kama mwanamke kwa mwanamke. Si unajua nilivyojivunia Gachoki? Kanisani mwinjilisti alimwita mbele akamwombea, akamwita Nuhu wetu, na sokoni hapa Kanja mimi sina jina lingine ila Mama Kapteni. Sitaki wale wale wanaoniita hivyo waje kunihurumia.

Ni mimi wifi yako,
Kinya


Bwawani,
2 Februari 2025

Mpendwa Kinya,

Barua yako ilifika ikiwa imeshikana na kabichi. Uji wako ni mzuri kuliko gundi. Huku jua linatukaanga, mbuzi wa watu wa Mbeere wamekonda, na maji yameshuka mpaka miti iliyozama zamani imeanza kuchungulia. Kiboko mmoja hutoka jioni kula nyasi za meneja. Salesio, ndiye huyo meneja, alimpigia filimbi, kiboko akamtazama tu kama mkopeshaji. Mwambie Cucu nimempata mafuta ya kukanda goti, nitampa Njuki. Mbusu Rwamba kwenye pengo.

Kuhusu yale uliyouliza. Kaka yangu hana mwanamke. Nimesema.

Joyline ana mchumba wake, na Gachoki akipita hushika pua. Usiniulize kwa nini. Ni mzaha wa kazini.

Kinya, mimi niliolewa Kianjai nikarudi, wewe wajua. Mwaka mzima nilinusa makola ya mashati ya mwanamume mpaka siku huyo mwenye marashi alipoingia na sanduku lake, nikatoka na langu. Najua mwanamke mwingine anavyonukia kwenye nguo ya mume. Hanukii hivyo. Hiyo ni harufu ya kazi, na kazi ya mtu ni mtu mwenyewe aisemee. Niamini uache kunusa chupa za watu.

Njuki anapiga honi, naenda kuhesabu nyanya kabla hajaondoka na kuniachia zilizooza akisema zilikuwa hivyo.

Dada yako,
Cicily


Kanja,
1 Machi 2025

Wifi,

Tumepokea mafuta ya goti. Cucu ameyapaka goti lile bovu, na lile zima pia amelipaka ati lisione wivu. Rwamba amepanda darasa na mwalimu anasema anaongea sana. Ndama amekua. Hayo ndiyo mema.

"Kazi ya mtu ni mtu mwenyewe aisemee." Nimeisoma sentensi hiyo nikichuma chai, nikaisoma nikikamua, na kila nikiisoma inaniambia kwamba wewe unajua na mimi sijui. Kwani kuna kazi gani ya kapteni isiyosemeka kwa mke wake? Kuna usukani, kuna maji, kuna wageni. Mengine ni yapi?

Sasa sikiza alilofanya juzi. Alikuja Jumamosi bila kutuma habari, ananukia maua kama jeneza la tajiri. Hakukaa hata kunywa chai. Akaingia jikoni kwangu, jikoni Cicily, mwanamume ambaye sufuria huita "hiyo kitu," akapiga magoti mbele ya mafiga na kuanza kuzoa majivu. Akayachekecha. Na chekeche langu la unga wa uji! Yale laini akayajaza ndoo nzima ya rangi, akaifunga kifuniko, akaifunika na koti. Nikamuuliza, "Majivu ni ya nini?" Akasema, "Ni ya kazi." Hakunitazama.

Nilipomwambia Cucu alicheka mpaka akakohoa. Akasema zamani mwanamume akioa wa pili, moto wa nyumba mpya ulitolewa kwenye mafiga ya mke wa kwanza, ili nyumba zisigombane. Kisha akaona uso wangu, akaanza kuongea habari za ndama.

Wee Cicily. Siku hizi nani anabeba kaa la moto kwenye gari? Si atabeba majivu? Mimi nimekaa mbele ya mafiga hayo tangu nilipoolewa. Nimepikia hapo uji wa uzazi. Moshi wake umenitoa machozi ambayo hata mama yangu hajayaona. Na yeye anakuja kuyachekecha aende kumwekea mwingine msingi, tena anachagua yale laini! Roho inaniuma mpaka nikilala nauma shuka. Nikimwona mwanamke yeyote sokoni mwenye vidole safi nafikiri ndiye.

Shule zikifungwa Aprili, kama sijapata jibu la maana, nachukua Rwamba narudi kwetu Mitunguu. Na nikienda siendi kutembea. Hilo halina utani.

Kinya


Bwawani,
22 Machi 2025

Kinya,

Natumai mko salama nyote na mvua imewafikia. Huku imeanza jana usiku, paa la jikoni la hapa gatini linavuja palepale penye unga.

Sitaandika mengi. Kuna jambo limetokea kwenye boti. Ni jambo baya lakini si la wanawake. Gachoki hatakuja mwisho wa mwezi na pengine hata Pasaka. Mwambie Cucu ana kazi nyingi.

Kuhusu majivu, ningekuwa na ruhusa ningekuambia, ungecheka kwanza halafu ungelia. Lakini nimeapa. Aliniapisha kwa jina la baba yetu aliyelala pale nyuma ya mibuni, na mimi siapi hovyo. Usinilazimishe. Wewe una mume, mimi nina kaka tu, huyo mmoja. Akinifungia mlango wa moyo wake nitabisha wapi?

Usiende Mitunguu. Nakuomba kama mkubwa wako.

Cicily


Kanja,
27 Aprili 2025

Kwa Cicily,

Hamjambo. Sisi hatujambo.

Barua hii imechelewa kwa sababu barabara ilikatika na Njuki akalala siku kadhaa kwenye matope na karoti zake. Jana ndipo alipofika hapa. Nilimpa chai na mukimo, naye, shibe ilipomfika, akaanza habari. Hakujua anachosema, maskini. Akasema, "Mama Kapteni, mzee wako siku hizi amehama nyumba ya wafanyakazi. Ana makao yake ng'ambo ya pili, chini ya migunga, peke yake kabisa, kapanga vitu vyake vizuri." Nikamuuliza peke yake na nani. Akasema, "Aa, mimi nilimwona tu akianika nguo."

Kwa hivyo nyumba ipo. Majivu yalifika salama. Naye anaanika nguo, mwanamume ambaye hapa hajawahi kuanika hata soksi!

Na wewe unajua. Unapika ukiiona hiyo nyumba ng'ambo, pengine unawapelekea chakula. Ulinibembeleza na habari za Kianjai nikakuonea huruma, nikasema huyu alichomwa na moto huohuo, hawezi kunitia ndani yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Walisema wazee, nami sikusikia.

Sanduku nimelifunga. Niliahirisha kwa sababu Cucu aliugua kifua. Akipata nafuu naondoka, na mtoto akiniuliza baba yuko wapi nitamwambia muulize shangazi.

Kinya, binti wa Mutuma wa Mitunguu


Bwawani,
9 Mei 2025

Kinya mama yangu, mke wa kaka yangu, nisamehe nisipoanza na salamu,

Baba anisamehe pale alipolala. Navunja kiapo. Nimeketi juu ya gunia la viazi, Njuki nimemfichia funguo za pikapu mpaka nimalize.

Gachoki si kapteni. Hajawahi kushika usukani ila siku moja, na aligonga gati. Gachoki ni fundi wa choo.

Vuta pumzi. Nitakueleza vizuri ili usije ukasema nimekuficha tena. Boti yetu ina vyumba vinne na vyoo viwili. Uchafu hauruhusiwi kumwagwa bwawani, watu wa huko chini wanayanywa maji haya, na watu wa mazingira hufika kukagua. Basi ukimaliza haja unavuta mkono wa pampu kando ya choo, juu chini, juu chini, kila kitu kinapita kwenye mpira mnene kinaingia tangi kubwa chini ya sakafu. Kuna kibomba cha kupumulia kinachotoka nje, kikiziba tangi linafura. Likijaa lori la kunyonya choo linakuja gatini, linaingiza hosi na kufyonza. Kazi ya kaka yangu ni hayo yote. Hupaka mipira ya pampu mafuta, na ni mafuta yangu ya kupikia ndiyo anayoiba. Humwaga siki kuondoa magamba. Huzoa karatasi na nepi ambazo wageni wamekatazwa kutupa nao wanatupa tu. Na lori likishaondoka huosha tangi kwa maji na kutia dawa ya buluu ya kuua harufu.

Dawa hiyo ndiyo maua yako. Inatoka ng'ambo kwenye mitungi. Ikikugusa haitoki, na yeye hujimwagia kusudi kabla ya kuja Kanja, kwa sababu anaona heri unuse maua ufikiri lolote kuliko unuse ile ya chini yake.

Sasa majivu. Februari dawa iliisha, tone la mwisho akajimwagia yeye siku ya kuja kwako. Salesio alisahau kuagiza, na Machi tulikuwa tunangoja kundi la wageni wa kusherehekea miaka hamsini ya ndoa, watu wa heshima. Harufu ilianza kupanda mezani. Salesio akamwambia Gachoki, "Fanya kitu." Naye akafikiria choo cha kwetu Kanja. Mama anafanyaje choo cha shimo kikinuka? Si anamwaga majivu? Sisi sote tumelelewa hivyo. Mimi mwenyewe nilimwambia ni wazo jema, na Mungu ananisikia. Akayafuata majivu ya mafiga yako kwa sababu mimi huku napika kwa gesi. Akayachekecha yasikwame kwenye pampu. Ndoo nzima, Kinya.

Shimo la nyumbani halina bomba, majivu yanalala tu. Hili la boti likayapokea, yakashuka chini, yakashikana kama udongo wa kukandika nyumba. Harufu ilikufa kweli. Siku mbili tatu tulimsifu. Lori lilipokuja likanyonya kidogo, likakoroma, likaacha, nao wakadhani tangi liko tupu. Kumbe limejaa. Siku ya sherehe tuko katikati ya maji, nimepakua kuku, mzee mmoja mwenye suti akaingia chooni. Pampu ikawa ngumu. Akaivuta kwa nguvu zake zote, mtu ambaye alikuwa askari zamani. Mpira ukachomoka chini ya sakafu. Sitakuambia zaidi, ila bibi harusi wa miaka hamsini alikuwa amevaa nyeupe.

Salesio alimwambia aling'arishe tangi liwe kama sufuria au aende. Amefungua kifuniko, ameliacha lipumue, na tangu hapo yuko na maji moto na siki na kikwangulio cha mpini mrefu, anang'oa kipande kwa kipande. Vijana wa nyumba ya wafanyakazi wakamfukuza, ati wanashindwa kulala. Akajipigia hema chini ya migunga. Hiyo ndiyo nyumba ya mke wa pili. Nguo anazoanika ni ovaroli.

Usiku wa siku ile alikuja jikoni kwangu akakaa chini penye mifuko ya vitunguu. Alilia, Kinya. Hajalia vile tangu tumzike Baba. Nilimkalisha, nikampa uji, nikamkanda mgongo, akanilalia mapajani kama alivyokuwa mdogo, akasema, "Cicily, hii ni yetu wawili. Kinya asijue. Ananiita kapteni." Nikamwapia.

Na wewe pia jiulize. Alikuambia kwa simu, "Nimepata kazi kwenye boti." Ni hayo tu aliyosema mwanzoni. Nuhu kamfanya nani? Mama Kapteni ni nani aliyeitika?

Rudi nyuma na sanduku lako. Sasa unajua yote, na mumeo ni mwaminifu kuliko wote ninaowajua.

Cicily


Mitunguu,
8 Juni 2025

Kwako Cicily,

Salamu kutoka kwetu. Baba na mama wanakusalimu, wamevuna ndizi mpaka mikungu inalala barabarani. Rwamba anaogelea kwenye mfereji na watoto wa kaka zangu na amesahau hata jina la shule. Cucu amepona kifua, nilimwachia binti wa jirani amsaidie, usiwe na wasiwasi.

Umeona mahali barua inapotoka.

Nilipoisoma yako nilicheka kama ulivyosema. Nilicheka hapo kwenye majani ya chai mpaka wenzangu wakasimamisha kuchuma. Halafu nikafungua sanduku, nikarudisha nguo kwenye kamba. Nikasema akija nitamwandalia maji moto na nitamngoja aseme. Sitakusaliti, nitangoja tu.

Alikuja mwisho wa Mei. Maua kama kawaida. Vidole vimechubuka vyote. Nikamwambia, "Pole, mikono imekuwaje?" Akasema kamba za boti. Nikampa chakula. Nikamwambia, "Baba Rwamba, kazi yoyote ni kazi, hata ile chafu." Akasema ni kweli, hata mfalme Daudi alichunga. Nikamngoja. Rwamba akamwuliza boti inaendeshwaje, naye akachukua sahani akaifanya usukani, akamwonyesha mawimbi, akamwonyesha anavyomkwepa kiboko. Mtoto anapiga makofi. Mimi nimesimama na mwiko mkononi. Usiku nikamshika ile mikono, nikainusa mbele yake, nikasema, "Niambie chochote, mimi sitacheka." Akageukia ukuta. Akasema, "Kuna nini cha kusema? Lala."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mwanamke yupo. Nimemtafuta tangu Januari kwenye chupa za watu na kwenye midomo ya kina Joyline, kumbe ananiandikia barua.

Sikuiti mchawi wala mwizi. Wewe ni dada yake, ulimbeba mgongoni. Lakini soma tena ulivyoandika. "Nikampa uji. Akanilalia mapajani. Hii ni yetu wawili." Uliandika kwa raha, Cicily! Hata ukiniokoa ulinionyesha ulichonacho. Angekuwa na Joyline ningejua la kufanya, ningempasua kichwa na mchi niende polisi nimetulia. Nitafanya nini na mtu ambaye amepewa machozi ya mume wangu na mimi nimepewa sahani inayozunguka? Nina wivu na uji wako. Nina wivu na ile mifuko ya vitunguu. Mimi ndiye niliyemzalia, na sijui sauti yake akilia inakuwaje.

Na la Mama Kapteni nimelimeza. Ni kweli niliitika. Lakini mtu huitika jina analoitwa. Mficha uchi hazai, na yeye amejificha kwangu mpaka ndani ya blanketi.

Sijaachana naye. Baba yangu ameuliza nikamwambia nimekuja kutembea. Mwambie hivi, kwa kuwa wewe una masikio yake: sitaki kapteni. Aje hapa Mitunguu mchana, watu wakiona. Aje na ovaroli, atoke tangini apande gari bila kuoga na bila dawa ya buluu. Akija hivyo, nitampokea mlangoni mbele ya baba yangu na ndugu zangu wote. Akija ananukia maua, ageuze.

Kinya


Bwawani,
29 Juni 2025

Kinya,

Wasalimu wazee na umshike Rwamba asizame.

Niliposoma yako mara ya kwanza niliitupa kwenye maganda ya viazi. Nilisema ana wazimu huyu Mmeru, nimemwokolea ndoa naye ananitukana. Nikaiokota, nikaifuta, nikaisoma tena. Sehemu ile ya raha sitakujibu.

Nilimpa aisome. Sikujua namna nyingine ya kumwambia. Aliisoma amesimama pale gatini na kikwangulio mkononi, akaikunja, akairudisha. Nilidhani atanipigia kelele kwa sababu ya kiapo. Akashuka akaendelea na tangi. Lile tangi liko safi sasa, Salesio aliingiza kichwa mpaka mabegani na kusema hajawahi kuona.

Asubuhi hii lori lilikuja kufyonza. Gachoki alishika hosi mwenyewe. Lilipoondoka nilimwona anapanda kutoka gatini na ile ovaroli, imelowa hadi magotini, nikaweka uji motoni kama kawaida, nikatoa kikombe chake. Akapita. Alipita dirishani kwangu bila kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja barabarani. Pikipiki ya kwanza ilimkataa, ya pili ilimkataa, ya tatu ilimchukua lakini dereva alijifunga leso puani. Atafika kwako kabla ya barua hii, kwa hivyo unajua yaliyobaki kuliko mimi.

Uji ulichemka ukamwagika. Nilibaki nimesimama na kikombe nikaona kifua kinanibana, nikafikiri ni moshi, nikakumbuka huku napika kwa gesi. Ni wivu, Kinya. Kianjai niliujua nikauzika, na leo umenishika kwa mtu niliyemfundisha kutembea. Nimekuandikia wewe kwa sababu yule niliyezoea kumwambia mambo kama haya ameenda kwako.

Cicily